Gari Jekundu na Majamvi ya Bi Jawaher

Kila asubuhi ya msimu wa mavuno, Ghania alitandika majamvi uani, akamwaga karafuu na kuzisambaza kwa kiganja. Kisha alikaa barazani kuangalia mbingu. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya bibi yake, Bi Jawaher, ambaye watu wa Mtambwe walisema huinusa mvua kabla haijafika Wete. Lakini sasa Bi Jawaher alikuwa na presha ya macho, na aliona kwa shida. Daktari alishasema apelekwe Unguja haraka, maana nuru ikishapotea hairudi. Karafuu zile ndizo zilikuwa nauli yake na matibabu yake.

"Wewe ndiye macho yangu, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Karafuu ikinyeshewa haina mnunuzi. Ukiona wingu, kunja."

Mwaka huo ami yake Ghania, Marhoun, alirudi kutoka Maskati alikofanya kazi muda mrefu. Watu walitazamia aje na gari la mizigo. Yeye akateremsha bandarini Mkoani gari la mbio, jekundu, la viti viwili tu, ambalo paa lake ni turubai linalojikunja lenyewe ukibonyeza swichi. Akiba yake yote iliishia humo. Na kweli isemwe, lilikuwa gari zuri. Ukikanyaga mafuta linaondoka kama limechokozwa, na kona linazikata bila kuyumba. Watoto wa kijiji waliacha kubishania bendera za vyama, wakawa wanabishania nani amelishika.

Ila usukani wake ulikuwa kushoto, na tumbo lake karibu liguse ardhi. Kila akiingia njia ya shamba, Marhoun alishuka kwanza kuondoa mawe kwa mikono, na nguo zake safi, wala hakuona tabu. Mtu akipenda ndivyo anavyokuwa.

Siku moja, bibi akiwa amejipumzisha ndani, Marhoun alisimamisha gari nje ya ua.

"Panda twende Wete, tugeuze," alimwambia Ghania. "Hili si gari la kuchelewa. Utarudi karafuu zako hazijajua kama umeondoka."

Ghania akatazama juu. Mbingu ilikuwa safi. Uani kwa jirani, rafiki yake Rahila alikuwa akigeuza karafuu za kwao.

"Rahila, niangalizie majamvi."

"Mimi nina yangu," Rahila akajibu. "Mvua ikija, mikono yangu ni hii hii. Mwamshe bibi yako umwambie."

Ghania alijua akimwambia atakatazwa. Akapanda garini kimya kimya.

Njia nzima upepo ulimpiga usoni, mtandio ameushika kwa mikono miwili, na kila mtu aliyepitwa aligeuka kutazama. Moyo wake ulijaa fahari. Walipofika Wete, Marhoun alisimama ili vijana walione gari vizuri. Wakauliza hiki na kile, naye akajibu hiki na kile, na walipoanza kurudi wingu lilikuwa limeshatanda upande wa Mtambwe.

Mvua ikawakuta njiani. Marhoun akabonyeza swichi. Turubai likainuka nusu, likakwama hapo hapo. Wakalowa chapachapa, lakini hilo lilikuwa dogo. Kwenye njia ya shamba Marhoun hakushuka kuondoa mawe, kwa haraka aliyokuwa nayo. Tumbo la gari likagonga jiwe, oili ikamwagika, injini ikazimika.

"Ami, karafuu za bibi," Ghania alisema.

Ghania akavua viatu, akakimbia.

Alimkuta bibi yake katikati ya ua, amepiga magoti kwenye tope, anapapasa jamvi na kuzoa karafuu ndani ya kanga yake. Nyingi zilikuwa zimeshachukuliwa na maji. Rahila na mama yake, walipomaliza kuingiza zao, walikuja mbio wakaokoa jamvi moja tu.

"Ghania?" bibi aliita aliposikia hatua zake. "Nimekuita sana. Ulikuwa wapi?"

Uongo ulimjia mdomoni. Angeweza kusema alikuwa chooni, na bibi asingejua.

"Nilikwenda Wete na gari la ami," akasema. "Sikukuaga kwa kuwa nilijua utanikataza. Nisamehe, bibi."

Bi Jawaher alifunga pindo la kanga yake juu ya karafuu alizozoa. "Umesema kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Niokotee hizo za pembeni. Mimi sizioni."

Marhoun alifika akasikia yote. Siku ile ile akatangaza kuliuza gari, ili bibi apate nauli na matibabu. Lakini nani alitake? Mmoja aliuliza gunia la karafuu litakaa wapi. Mwengine akauliza watoto wake wapande juu ya nini. Likakaa chini ya kibanda cha makuti mpaka kuku wakalizoea. Alipopatikana mtu wa Dar es Salaam aliyelichukua kwa bei ya kutupa, vuli ilikuwa imekwisha. Ndipo bibi akapelekwa Unguja, na madaktari walijitahidi sana. Jicho la kulia likasalimika. La kushoto lilikuwa limeshazimika.

Msimu uliofuata, bibi na mjukuu walikaa pamoja barazani mbele ya majamvi.

"Gari sililaumu," Bi Jawaher alisema. "Liliundwa likimbie, likakimbia. Ami yako alipaswa kuitazama njia ya kwao kabla ya kulinunua, na wewe ulipaswa kuitazama mbingu. Mtu akikupa amana, mwanangu, usiiache hata kidogo. Ukiona huwezi kukaa nayo, mwambie mwenyewe ajue."

"Nimesikia, bibi."

Bibi akamgeuzia uso.

"Hivi lilikuwa rangi gani? Mimi sikupata kuliona."

"Jekundu, bibi."

"Lilikuwa zuri?"

"Lilikuwa zuri sana," Ghania alisema. Machozi yakamtoka. Akayafuta kwa ncha ya mtandio, akarudisha macho mbinguni.