Kengele Iliyobaki Chini ya Maji

Kila asubuhi, kabla chai haijapoa, Kiguu na Njia alikuwa ameshatoka nje na kurudi, akatoka tena na kurudi tena. Jina hilo alipewa na mama yake, na wala hakulionea haya, kwa sababu ni kweli hakuwa mtu wa kutulia. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alimfuata mama yake kazini, wakawa wanaishi katika nyumba ya kupanga karibu na gati. Watu wa pale kazini waliona jina ni refu mno, wakamwita Kiguu tu.

Nyumba yenyewe ilikuwa vituko. Sebuleni hapakuwa na kochi wala meza. Palikuwa na mabeseni makubwa yaliyojaa maji, na ndani yake vipande vya mbao, vigae vya mitungi na misumari mikubwa iliyoliwa na kutu. Mbao zilizokaa baharini miaka mingi zikikaushwa ghafla hupasuka, kwa hiyo zililazwa majini kama wagonjwa. Bafuni zilining'inia suti za kuzamia. Mtu akitaka kuoga, ilimbidi kwanza azibembeleze zimpe nafasi.

Mama yake Kiguu alikuwa mwanaakiolojia wa chini ya maji. Wenzake wengi huchimba ardhini kutafuta habari za watu wa kale, lakini yeye alizitafuta kwenye meli zilizozama. Hii ya sasa alikuwa ameitafuta kwa miaka mitatu. Aliipata, akaipima, akaichora kila ubao, lakini hakuna aliyejua ilikuwa meli ya nani wala ilizama lini. Wiki ile ndipo yeye na mwenzake, Mrefu, wakafukua kengele ya shaba mchangani. Kengele ya meli mara nyingi huchongwa jina na mwaka, ila hii ilikuwa imegandamana na chumvi na kombe, haisomeki mpaka ipandishwe na kusafishwa taratibu. Boti ya kukodi ilitakiwa irudi kwa mwenyewe kesho yake, na majira ya bahari kuchafuka yalikuwa yamekaribia. Ama kengele ipande leo, ama ingoje mwaka mzima.

Ndiyo maana asubuhi hiyo Kiguu aliamka kabla ya kuamshwa. Alipokwenda kunawa uso alikuta mlango wa bafu haukufungwa vizuri. Mama yake alikuwa mbele ya kioo, amejibana pua kwa vidole na kufumba mdomo, anapuliza mpaka mashavu yanavimba. Akatikisa kichwa, akapuliza tena. Kisha akapenga kamasi, akameza kidonge.

Kiguu alikielewa kitendo kile, maana mama yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Mpiga mbizi akishuka, maji humkandamiza masikio, naye hujibana pua na kupuliza ili masikio yafunguke. Yasipofunguka, hashuki. Mafua ndiyo adui mkubwa, kwa sababu huziba kila njia.

"Sikio limekataa?" Kiguu aliuliza.

Mama yake alishtuka. "La kushoto linabisha kidogo. Dawa ikishafanya kazi litakubali."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyeniambia dawa inaweza kuisha nguvu mtu akiwa chini."

"Najua nilichokuambia." Sauti yake ilikuwa nzito, imejaa puani. "Leo ndiyo mwisho, mwanangu. Wa kuipandisha kengele ile ni mimi na Mrefu tu, na hakuna anayeshuka peke yake. Haya yabaki humu humu ndani. Umesikia?"

Kiguu aliitikia kwa kichwa. Alimpenda mama yake kuliko mtu yeyote, na hakuwa amewahi kuombwa siri na mtu mzima. Kwa dakika chache alijiona mkubwa. Walipofika njiani ukubwa ule ulikuwa umeshamtoka, na alichobaki nacho ni woga.

Gatini walimkuta Kocha. Alikuwa msimamizi wa mbizi, na aliitwa hivyo kwa sababu zamani alifundisha watoto kuogelea. Kazi yake ilikuwa kubaki juu, kuangalia saa na mapovu, na kuhakikisha kila aliyeshuka anapanda. Kila siku kabla boti haijaondoka aliwasimamisha wazamiaji mbele ya watu wote na kuwauliza kama wamelala, kama wamekula, pua zao zikoje na masikio yakoje. Walijibu kwa sauti, mmoja mmoja.

Alikuwa na sharti jingine, na siku ya kwanza kabisa alimweleza Kiguu. Mtu yeyote aliyepo gatini, hata anayemimina chai, anaweza kusema "Nasimamisha," na mbizi itasimama. Hataulizwa sababu wala hatalaumiwa. Tangu kazi ianze neno hilo lilikuwa limetumika mara moja tu, na aliyelitumia ni Mrefu, siku ambayo tumbo lake liligombana na maharage.

Mrefu, mwanafunzi wa chuo ambaye miguu yake ilichungulia kwenye kila suti aliyovaa, alijibu kwamba yuko sawa. Zamu ya mama ikafika.

"Pua?"

"Safi."

"Masikio?"

"Safi."

Kiguu aliinamisha macho. Alitembea mpaka mwisho wa gati, akarudi, akaenda tena. Kocha alimtania kwamba leo atalimaliza gati kwa nyayo, naye hakucheka. Alikuwa anapiga mahesabu. Akisema, mama ataikosa kengele, na labda hatamwamini tena. Akinyamaza, mama atashuka na lile sikio. Alikumbuka alivyowahi kusimuliwa habari za mzamiaji aliyepasuka ngoma ya sikio akiwa chini, akapatwa na kizunguzungu asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Alimtazama mama yake, ameshakaa botini, akivaa mtungi wa hewa, anajifanya anacheka na Mrefu, huku akipumua kwa mdomo.

Injini iliwashwa. Mrefu akainama kufungua kamba.

"Nasimamisha," Kiguu alisema.

Sauti ilitoka ndogo, ikamezwa na injini. Hakuna aliyegeuka. Hapo angeweza kunyamaza na kujiambia kwamba alijaribu. Alisogea hadi ukingoni kabisa mwa gati, akasema tena, safari hii kwa nguvu zake zote.

Kocha alizima injini. Hakuonekana kukasirika wala kushangaa.

"Imesimama," alisema.

"Kocha, mtoto ana hofu tu," mama alisema haraka. "Tunapoteza muda."

"Inawezekana ni hofu. Simuulizi sababu, na wewe usimuulize." Akamgeukia mama. "Lakini nakuuliza wewe upya. Masikio?"

Mama alimtupia Kiguu jicho ambalo Kiguu hakuwahi kuliona nyumbani kwao. Kisha akavua miwani ya kuzamia na kuiweka magotini.

"La kushoto limeziba," alisema.

Saa zilizofuata zilikuwa ndefu kupita kiasi. Mama hakugomba, na bora angegomba. Alikwenda zahanati na Kiguu akamfuata nyuma. Kengele ilikuwa imeachwa wazi kule chini, na bahari ikichafuka ingeivunja, au mwizi angeibeba. Kiguu aliona yote ni juu yake. Katika chumba cha kusubiria alibadilisha kiti mara nyingi, mpaka muuguzi akamwuliza kama anatafuta choo.

Daktari alichungulia sikio la kushoto kwa kurunzi yake ndogo, akachukua muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Aliuliza kama mgonjwa alikuwa na mpango wa kuzama hivi karibuni. Mama akajibu kwamba alikuwa ameshaingia kwenye boti.

"Basi shukuru hukuondoka," daktari alisema. "Ngoma imevimba, imekuwa nyekundu. Ungeshuka kidogo tu ingepasuka."

Wakati wa kurudi mama alimshika Kiguu mkono, na Kiguu hakujua mkono ule ulikuwa wa msamaha au wa kuvukia barabara.

Gatini Kocha hakuwa amekaa bure. Alimtafuta fundi wa bandarini, mtu wa kuchomelea vyuma chini ya maji, ambaye kuzama kwake ni kama kwenda dukani. Kuipandisha kengele asingeweza, kwa kuwa hakuzoea vitu dhaifu vya kale. Kuifunika aliweza. Yeye na Mrefu walishuka na mifuko ya mchanga, wakaizungushia kengele, wakairudishia mchanga juu mpaka isionekane. Mrefu alipanda akitweta, akaeleza kwamba mtu asiyejua mahali hataiona hata akiikanyaga.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba wote wakae, na Kiguu akadhani ameitiwa kesi.

"Leo asubuhi nilidanganya," mama alisema. "Nilimdanganya Kocha, nikamdanganya Mrefu ambaye angeshuka akiniamini mimi. Ningezidiwa kule chini, ni yeye angenivuta, na huenda tungepotea wote wawili." Akamgeukia binti yake. "Kwako nilifanya baya zaidi. Nilikubebesha siri ambayo ingeniua."

"Nilidhani umenichukia," Kiguu alisema.

"Nilikasirika sana, sikufichi. Nilikasirika kwa sababu ulisema kweli na mimi nilikuwa nataka kengele. Sasa nisikilize vizuri, na usilisahau hili hata nikizeeka. Mtu mzima akikuomba unyamaze, na wewe unaona kunyamaza kutamdhuru mtu, sema. Hata kama anayekuomba anakupenda. Hata kama ni mimi."

Kocha aliongeza kwamba ameisimamia kazi hii miaka mingi, amepandisha vyombo vya kila namna, na hajawahi kukiona hata kimoja kinachoweza kumrudisha nyumbani mzazi aliyefia majini. Mrefu akainama kufunga kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Kiguu hakuwa amelia tangu asubuhi. Sasa alilia kwelikweli, na mama yake akamkumbatia, akamwacha alie mpaka amalize.