Harusi Iliyorekodiwa Juu ya Matanga

Jua lilikuwa linazama nyuma ya soko la Kasongo wakati Subira Feza aliposhuka kwenye pikipiki, mgongo ukimuuma, vumbi la njia ya kutoka kijijini Wamaza limemjaa mpaka kwenye kope. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mlikuwa na kaseti moja ya video, ndogo kama kipande cha sabuni, na duniani hakubakiwa na kitu kingine cha kumtetea.

Kesho asubuhi angesimama mbele ya hakimu. Mumewe, Antoine Muzaliwa, alikuwa amekufa, na kabla udongo wa kaburi lake haujakauka vizuri, shemeji yake, Bruno Muzaliwa, alikuja uani kumfukuza. Alisema Subira hakuolewa. Alikuwa kimada tu, na kimada haachiwi nyumba. Karatasi za ndoa ziliungua siku ya vita. Wazee walioshuhudia walikuwa wamelala makaburini. Ilibaki kaseti. Humo, siku ya harusi, baba mkwe wake, Mzee Muzaliwa Kimbulu, alisimama mbele ya watu wote akasema kwa kinywa chake kwamba kiwanja kile ni cha Antoine na mke wake Subira.

Ernestine Mwayuma alikuwa na chumba cha kazi nyuma ya duka la vitenge, na jenereta iliyokohoa zaidi kuliko kunguruma. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi usiojua kupumzika. Aliinua kaseti kwenye taa.

“Ee, dada! Hii imeota ukungu kama mukate. Ulikuwa unaiweka wapi, kisimani?”

“Darini. Juu ya jiko.”

“Moshi na ukungu pamoja. Imekula kuliko mimi.” Akaipangusa kwa kitambaa laini, akaitia ndani ya kamera ya zamani, akaiunganisha na kompyuta kwa waya. “Sikiya, kesho usiseme Ernestine ameniharibia. Kwanza tunaangalia tu. Pale unapopataka, naweka alama ya mwanzo na alama ya mwisho, kipande nakipa jina. Halafu mashini yenyewe inaiambia kamera: rudi nyuma kidogo, shika mbio, sasa nakili. Umesikia?”

“Nimesikia. Kila kipande kiko na jina?”

“Na jina lote. Hapa kwangu hakuna ‘baba fulani’.”

Picha ikaja. Mistari kwanza, kisha rangi, kisha Antoine.

Antoine akiwa kijana, ndani ya koti lililomzidi mabega, anacheka na mtu asiyeonekana. Subira aliuma pindo la kitenge chake. Ernestine alipunguza sauti ya vigelegele, akaandika polepole: Antoine Muzaliwa afika. Kisha shangazi wa bibi harusi. Kisha watu wanakula. Kila kipande kilinakiliwa bila matata.

Ernestine akasogeza ukanda mbele kwa kasi, mistari ikapita, kisha Mzee Muzaliwa Kimbulu akasimama, akavua kofia.

“Hapo!” alisema Subira.

Alama ikawekwa. Jina likaandikwa. Kamera ikarudi nyuma kidogo, ikashika mbio...

Ikasimama.

Ernestine alijaribu tena. Kamera ikarudi, ikashika mbio, ikasimama palepale, na kompyuta ikaandika kwamba imepotea njia.

“Ahaa,” alisema Ernestine. “Kaseti hii haikuwa mupya. Harusi yako imerekodiwa juu ya kitu kingine. Mupiga picha alizima kamera, alipoiwasha tena ukanda ulikuwa umesogea mbele, na katikati pakabaki kipande cha zamani. Mashini ikirudi nyuma kushika mbio inaangukia humo. Hesabu ya dakika za ukanda imekatika, haijui iko wapi.”

“Kitu gani cha zamani?”

“Tuone.”

Harufu ilitangulia picha. Ilikuwa harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, wenye maji, wa chini kabisa. Subira aligeuka kutazama mlango. Mlango ulikuwa umefungwa.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na kitanda cha miti kilichowekwa uani. Juu ya kitanda alilala mwanamume mrefu, amefunikwa shuka nyeupe mpaka kifuani. Pamba puani. Mkono wa kuume umeteleza, unaning’inia kando ya kitanda. Hakukuwa na sauti yoyote.

“Unamujua?”

“Muzee Lukanga Kimbulu,” alinong’ona Subira. “Kaka mukubwa wa baba mukwe. Alikufa kidogo tu kabla ya harusi yetu.”

“Na kaseti ya matanga yake, nani aliitoa wakaifuta kwa harusi?”

Subira alikumbuka vizuri. Siku ile yeye alikuwa ndani, anaogeshwa na kupakwa mafuta, akasikia sauti nje ikimwambia mpiga picha: tumia hii hii, ya nini kupoteza kaseti mupya?

“Bruno,” alisema.

Kipande kile kikapita. Harusi ikarudi. Mzee Muzaliwa akasimama, akavua kofia.

Nyuma yake alisimama mtu mwenye shuka nyeupe.

Wanawake waliokaa kushoto na kulia waliendelea kucheka. Mtu yule alikuwa mrefu kuliko wote. Alinyanyua mkono wa kuume, taratibu, kama mtu anayetaka kufukuza nzi. Akauweka juu ya mdomo wa Mzee Muzaliwa. Akaubana.

Macho ya Mzee Muzaliwa yalihangaika. Koo lake lilipanda na kushuka. Hakuna neno lililotoka.

Ernestine alibonyeza kitufe. Picha ikaganda.

“Mara ya kwanza hakuwapo,” alisema.

“Hakuwapo.”

“Kamera ikichafuka, picha mbili zinachanganyika. Ya zamani inatokea ndani ya mupya. Nimeona mara nyingi.”

“Na harufu?”

Ernestine alijifunika pua kwa kitambaa.

Simu ya Subira ikalia. Wote wawili waliruka. Alikuwa Bruno.

“Shemeji.” Sauti ilikuwa ya chini, ya upole, kama ya mtu anayebembeleza mtoto alale. “Uko Kasongo. Unaangalia kaseti.”

“Nani amekuambia?”

“Itoe. Ukae kimya, urudi kwenu kwa amani. Muzee Lukanga amekasirika. Kufa, halafu watu wanacheza ngoma juu ya matanga yako... Sasa anajua ni harusi ya nani iliyomufuta.”

“Anajua namna gani, Bruno? Nani alimuambia?”

Kwenye simu ulisikika upepo kwenye majani.

“Nilienda kumuambia mwenyewe,” alisema Bruno. “Pale alipolala. Niko hapa bado.”

Subira aliitazama simu mkononi mwake. Ndani ya kifua chake kitu kilichokuwa kinatetemeka tangu kifo cha Antoine kiliacha kutetemeka. Kikawa kigumu.

“Basi endelea kukaa hapo,” alimwambia. “Utazoea.” Akakata.

Ernestine alikuwa amefungua mlango mdogo wa kamera na kumulika kwa tochi. Unga wa kahawia ulikuwa umemwagika kutoka kwenye ukanda. “Angalia. Ukanda unatoa ngozi. Utapita mara moja tu, dada, sitakudanganya. Na kwa alama haiwezekani tena. Itabidi niuache ucheze tangu wanapokula, upite matangani, ufike kwa baba mukwe, na mimi nanakili vyote kwa mukono bila kusimama. Maneno yasipotoka safari hii, yameenda.”

“Na huyu?”

“Huyu tutapita mbele yake. Njia nyingine hakuna.” Akamtazama juu ya miwani. “Unaogopa?”

“Naogopa. Washa.”

Ukanda ulianza kuzunguka. Ulilia kama panya aliyebanwa na mlango. Watu walikula, wakacheka, wakanyweshana. Mistari. Kisha ule ukimya.

Kitanda. Shuka. Pamba.

Harufu ya udongo ikajaa chumba mpaka ikawa ladha mdomoni. Taa ikafifia. Jenereta nje ikakohoa, ikakaza tena.

Kichwa cha Mzee Lukanga kiligeuka kwenye mto. Macho yakafunguka.

“Yesu wangu,” alinong’ona Ernestine, lakini mkono wake haukuondoka kwenye kitufe. “Ninanakili. Ninanakili, dada. Sema naye wewe, mimi niko kazini!”

Harusi ikarudi. Mzee Muzaliwa akasimama, akavua kofia. Mtu mwenye shuka alikuwa tayari nyuma yake, mkono tayari umebana mdomo. Safari hii hakumtazama Mzee Muzaliwa. Alitazama nje ya kioo.

Subira akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukiokota.

“Muzee Lukanga Kimbulu!” aliita. “Ni mimi, Subira Feza. Miguu yako ilipovimba, nani alikukanda? Watoto wako walikuwa Lusangi wanachimba dhahabu. Mimi nilikuwa sijaolewa bado, nilikuja nikachemsha maji nikakukanda, na ukanitukana kwamba maji ni ya moto. Umesahau?”

Mkono haukusogea.

“Siku wanakufuta mimi nilikuwa ndani napakwa mafuta. Sikugusa kaseti. Aliyeitoa unamujua, iko amekaa juu ya kaburi yako sasa hivi, anakudanganya kama mutoto. Ulikuwa mutu wa kudanganywa, wewe?”

Ukanda ulilia zaidi. Ernestine alihesabu sekunde kwa sauti ya chini.

“Kukasirika, kasirika,” alisema Subira, na sauti yake ilipasuka, lakini hakuishusha. “Iko haki yako. Lakini ndugu yako anataka kusema neno, na neno ni langu. Nimezika bwana yangu. Kesho wanataka kunitoa nyumbani kwangu na watoto. Mimi sitaomba tena. Toa mukono!”

Mtu mwenye shuka alimtazama. Kona ya mdomo wake ilivutika kidogo. Subira hakujua kamwe kama kile kilikuwa kicheko.

Vidole vikalegea. Kimoja. Kingine.

Mkono ukaanguka, ukaning’inia.

“...mbele yenu wote,” ilisema sauti ya Mzee Muzaliwa Kimbulu, nzito, yenye kikohozi, “huyu Subira Feza ni muke wa mutoto wangu Antoine. Na kile kiwanja cha kando ya kijito nawapa wao wawili. Mutu asikuje kesho kusema hakusikia.”

Vigelegele. Kisha kamera ikatoa mlio mmoja mkavu, na picha ikazima. Ukanda ulikuwa umekatika vipande viwili.

Ernestine alivikusanya vipande, akavifunga ndani ya kitambaa. Kisha akafungua kipande kilichonakiliwa. Maneno yalikuwamo, yote. Nyuma ya Mzee Muzaliwa walionekana wanawake wanaocheka, na ukuta.

“Kipande cha katikati nikifute?” aliuliza.

“Hapana. Kimefutwa mara moja, inatosha. Andika Lukanga Kimbulu, matanga yake, Wamaza.”

Akaandika. Alirudia kusoma herufi moja moja, kama shuleni.

Asubuhi hakimu alitazama picha kwenye kompyuta, akairudisha, akaitazama tena. Bruno alikuwa amekaa benchi la pili. Viatu vyake na suruali mpaka magotini vilikuwa na udongo mwekundu mbichi, ingawa mvua haikunyesha. Hakimu alimuuliza kama anaitambua sauti ya baba yake. Bruno alijibu ndiyo, kwa mnong’ono, na wakati wote hakutazama kompyuta. Alitazama kona ya chumba ambako hapakuwa na mtu, na alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja chake, kama mwenye kichefuchefu. Alipoombwa aongeze la kusema, alitikisa kichwa. Kiwanja kikabaki kwa Subira.

Alirudi Wamaza na watoto wake wakamkimbilia njiani. Jioni ileile alikaa uani kwake, kando ya kijito, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Watoto walikuwa wamekwenda kuteka maji. Upepo ulitulia. Kuku waliacha kuparua.

Harufu ya udongo ikaja.

Nyuma yake, mlangoni, kiti cha miti alichokuwa anakalia Antoine kililia, kama kinavyolia mtu mzito anapojiweka.

Subira hakugeuka. Aliweka mchi ndani ya kinu, akafuta mikono kwenye kitenge, akangoja mpaka sauti yake ikawa imara.

“Muzee Lukanga Kimbulu,” alisema. “Kukaa, kaa. Lakini hapa ni kwangu. Mikono yako weka magotini.”

Kiti kililia tena, kidogo.

Subira akashika mchi, akaendelea kutwanga.