Lango la Malori

Fundi bomba alifariki siku ya Jumanne, kabla ya saa sita mchana. Asubuhi alitoka kwenda kuzibua mtaro wa shule, moyo ukasimama huko huko kazini. Tangu siku hiyo nyumba ilibaki na watu wawili: mkewe, ambaye ni mshonaji, na mama mzazi wa marehemu, ambaye haoni.

Kila asubuhi mama huyo alikwenda bombani peke yake. Mkono wa kushoto ulipapasa ukuta, wa kulia ulishika ndoo ndogo. Hatua thelathini na mbili za kichochoro, kisha bomba. Mwanawe ndiye aliyemfundisha njia hiyo.

"Nisaidieni mengine," alikuwa akisema. "Maji yangu nitachota mwenyewe."

Upande wa pili wa kichochoro palikuwa na kiwanja kitupu. Miezi minne baada ya mazishi, wanaume watatu walifika na utepe wa kupimia. Walipigilia vigingi vyekundu. Kimoja kilikaa katikati ya kichochoro. Kisha wakabandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, wakaondoka.

Mshonaji alikuwa mlangoni, pini midomoni. Alitaka kuwauliza, akarudi kwenye cherehani. Mambo ya karatasi na ofisi yalikuwa ya marehemu.

Jioni kinyozi wa jirani, waliyemwita Kipaza kwa sauti yake kubwa, alisoma mstari wa kwanza tu.

"Supamaketi! Hapa kwetu!"

Akalichana tangazo vipande vipande. Watu wakampigia makofi.

"Kesi imekwisha," alisema. "Walete lingine, nitalinyoa bila maji!"

Mshonaji hakucheka. Siku zilizofuata uvumi ulizagaa. Huyu alisema nyumba zitavunjwa. Yule alisema malori yataanza kupita kabla ya alfajiri. Kila injini iliponguruma barabarani, mguu wa mshonaji uliganda kwenye cherehani.

Wiki ya nne lori la mawe lilikuja. Likaingia kichochoroni kinyumenyume. Mama mkwe alikuwa nusu ya njia.

"Mama! Simama hapo hapo!" mshonaji alipiga kelele, akakimbia na kupiga ubavu wa lori kwa viganja.

Lori lilisimama. Kati yake na mama palibaki urefu wa mkono. Dereva aliruka chini.

"Sikumwona, dada. Wallahi sikumwona."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akagusa chuma cha moto.

"Mwanangu," aliuliza taratibu, "ukuta umehama?"

Mshonaji alimshika mkono, akamrudisha nyumbani.

Mchana huo mteja wake, mwanamke mpima ardhi, alikuja kuchukua sketi. Alikuta haijapigwa pasi, na mshonaji amesimama mlangoni akichungulia barabara.

"Kuna nini, shoga yangu?"

Mshonaji akamsimulia yote.

"Tangazo lilisemaje?"

"Kinyozi alilichana."

Mpima ardhi alishika kichwa. "Mmejiziba masikio wenyewe! Lile tangazo si amri ya kujenga. Ni swali, na hata mawe hayo yameletwa kabla ya jibu. Halmashauri inawauliza majirani: mna pingamizi? Inawapa siku thelathini. Mkinyamaza, watasema mmekubali."

"Kiwanja si changu. Mimi mjane tu, nani atanisikiliza?"

"Hata mpangaji wa chumba kimoja ana haki ya kuandika. Kesho twende tukaione ramani."

Kesho yake walifika ofisi ya mipango miji. Karani alitoa jalada. Ramani ilionyesha wazi: lango la malori lingefunguka kichochoroni. Siku za pingamizi zilikuwa zimebaki mbili.

"Niandike nini?" mshonaji alimuuliza mpima ardhi. "Kwamba tajiri wa supamaketi ana roho mbaya?"

"Roho yake haimo kwenye ramani. Andika kinachopimika na kinachoonekana."

Mshonaji alirudi nyumbani, akachukua futi ya kushonea, akapima kichochoro. Upana ulikuwa mita mbili na nusu. Lori nalo karibu linajaza upana huo wote. Mtu akikutana nalo, hana pa kujibanza. Aliyaandika hayo. Aliandika pia idadi ya watu wanaochota maji pale.

Kipaza alipoelezwa, alijikuna kisogo. "Kumbe nimejinyoa mwenyewe." Siku hiyo hakunyoa mtu mpaka aandike barua yake kwanza. Zilipatikana barua kumi na tisa. Karani alizipokea, akagonga muhuri kwenye nakala zao ziwe ushahidi.

Siku ya kikao cha halmashauri, mshonaji alisimama mbele.

"Mimi sipingi duka," alisema. "Napinga lango. Mama mkwe wangu haoni, na hiyo ndiyo njia yake. Nimeshazika mmoja mwaka huu."

Mhandisi wa supamaketi alisimama. "Kwani huyo bibi hawezi kuchotewa maji?"

Sauti ya mama mkwe ikatoka kiti cha nyuma. "Baba, wewe una macho mawili. Lango lako huwezi kulihamisha?"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti naye alificha mdomo kwa jalada.

Majibu yalichukua wiki tatu. Mama mkwe alikatazwa kwenda bombani, akawa anashinda kitandani. Barua ilipofika, mshonaji aliifungua kwa mkasi wa kushonea. Supamaketi ilikuwa imeruhusiwa, kwa masharti: lango la malori liwe upande wa barabara kuu, kichochoro kisiguswe, na mizigo isishushwe kabla ya saa mbili asubuhi.

Kigingi cha kichochoroni kiling'olewa siku iliyofuata. Mama mkwe alichukua ndoo yake.

Supamaketi sasa iko wazi. Kila Jumatatu mshonaji hupita ofisi ya mipango miji, husoma ubao wa matangazo, kisha huwaeleza majirani. Jumatatu iliyopita alikuta tangazo jipya: mtu anaomba kufungua karakana ya kuchomelea vyuma nyuma ya shule. Zimebaki siku ishirini na nne.