Pasipoti ya Glory na Maharage ya Mbegu

Mkoba ulikuwa palepale juu ya kabati. Pesa zilikuwemo. Simu ilikuwemo. Kilichotoweka ni pasipoti ya Glory na fomu moja ya kurasa nne. Inspekta Tobia wa kituo cha Lushoto alipoukagua mkoba ule kwa mara ya tatu, kichwa kilianza kumgonga.

Mwizi gani huyu, anaacha pesa na kubeba karatasi?

Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, huku juu Magamba, na ukungu ulikuwa bado umekalia migomba.

"Tuanze upya," alisema. "Unakwenda ng'ambo kufanya nini?"

"Kutibiwa nywele, afande."

Glory alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka ishirini na sita. Alifungua kilemba bila kuombwa. Upande mzima wa kichwa ulikuwa wazi, ngozi inang'aa.

"Ni tiba ya seli shina. Wanachukua seli za mwilini mwako, wanazikuza, wanakudunga kichwani. Bado ni majaribio, huenda zikaota, huenda zisiote. Nimelipima jambo hili mwaka mzima. Ndege ni keshokutwa. Nikikosa, nafasi anapewa mwingine, na hawanipokei tena."

Koplo Jonas alikitupia jicho kipara cha mkubwa wake. "Afande, kumbe hata vile vya..."

"Koplo, andika."

Mara ya mwisho Glory aliiona pasipoti Jumamosi mchana. Jana asubuhi haikuwepo. Mlango haukuvunjwa. Dirisha zima. Nyumba ina watu watatu: Glory, mama yake Marta, na bibi yake mzaa baba, Efrazia. Baba alishafariki.

Marta, aliyewahi kuwa na saluni mjini, alikuwa analia tangu polisi waingie. Tena machozi ya kweli. Inspekta aliyajua ya uongo, maana alikuwa ameyaona mengi.

"Mwizi namjua!" alisema. "Wifi yangu Perpetua. Ndiye aliyemsuka mtoto Krismasi ile, ana miaka minne, nywele zikapukutika. Mkono wake mbaya! Sasa anaona mtoto anakwenda kupona, roho inamuuma."

"Kuna aliyemwona hapa?"

"Wachawi huonekana, afande?"

Inspekta Tobia alivuta pumzi ndefu. Miaka ishirini na miwili kazini, na bado watu wanamletea ushahidi wa aina hii. Pale mekoni Bibi Efrazia, mama mzazi wa huyo Perpetua, alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso.

Perpetua aliishi ng'ambo ya bonde. Nyumba yake unaiona, unaweza kumhesabia kuku, lakini kuifikia ni kushuka nusu saa na kupanda dakika arobaini. Inspekta alipofika soli ya kiatu cha kulia ilikuwa imefumuka, na alisema jambo kwa Kishambaa ambalo Koplo Jonas hakuliandika.

"Nyumba ile sijaikanyaga miaka ishirini na miwili," Perpetua alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina udongo wa shamba. "Nitaibaje ndani?"

"Unajua Glory anasafiri?"

"Nani hajui?"

"Ungependa asiende?"

"Mimi?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Ningependa angekwenda jana, afande. Zikiota, labda watu wataniachia nishike watoto wao."

Inspekta alifunga daftari.

Walirudi kwa Marta saa nane, njaa inawauma.

"Shikamoo tena, bibi," alimwambia Efrazia. "Tangu Jumamosi, kuna kitu kimetoka ndani ya nyumba hii?"

"Marahaba. Hakuna."

"Chochote, bibi. Kikombe, kuku, kuni."

"Labda sadaka ya mavuno. Jumapili nilipeleka kanisani kikapu cha maharage, yale ya mbegu yaliyokuwa stoo."

"Ya mbegu?" Marta alisimama, kigoda kikaanguka. "Mama! Yale ya mbegu hayaguswi mpaka mvua! Si kulikuwa na kikapu cha kula hapohapo pembeni?"

"Yale ya kula yana wadudu. Mungu hapewi mabovu."

Inspekta alimtazama Marta. Pasipoti ya mtoto imepotea, analia. Maharage yamekwenda kanisani, anataka kuzimia.

"Bibi, kikapu hicho kiko wapi sasa?"

"Si kilipigwa mnada baada ya ibada, kama sadaka zote." Bibi alimkazia macho. "Aliyekinunua si wewe hapo?"

Koplo Jonas alikohoa, akageukia dirishani.

Ee Mungu wangu! Inspekta alikikumbuka vizuri sana. Mwinjilisti alimzungusha mbele ya usharika wote, "Afande ongeza, afande usituangushe!", mpaka akachukua maharage kwa bei ya jogoo wawili. Akatoa simu mfukoni akampigia mkewe.

"Mama Anord, yale maharage usiyapike!"

"Nusu tumekula jana," mkewe Jackline alijibu, sauti baridi. "Na pasipoti niliyoikuta chini yake ninayo. Nilikuwa nakungoja mwenyewe uniambie. Huyu Glory ni nani?"

Kumbe ndiyo maana jana alinuniwa usiku kucha bila kujua kosa! Inspekta alijieleza dakika tano, akiwa amesimama uani mwa watu, Koplo wake akijing'ata mdomo asicheke. Kielelezo cha kesi kinalala jikoni kwa mpelelezi, naye anakwea milima kukitafuta. Ingesikika mkoani angeomba uhamisho.

Bodaboda aliuleta mzigo baada ya saa moja. Pasipoti na fomu vilikuwa vimefungwa kwenye kofia ya nailoni, ile wanayovaa wateja saluni.

"Tuombe alama za vidole, afande?" Koplo aliuliza.

"Tulia kwanza."

Alifungua fomu. Ilikuwa na tafsiri ya Kiswahili. Ukurasa wa tatu, swali la saba: je, kichwa chako kimewahi kuungua kwa moto au dawa? Chini yake, kwa herufi kubwa: aliyewahi asishiriki, ngozi inaweza kuharibika zaidi. Glory alikuwa amejibu "Hapana". Mtu mwingine alikuwa amelifuta neno hilo kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

"Aliyefuta hapa," Inspekta alisema polepole, "alijua jibu si hapana. Mama Glory, unaonywa kwamba utakachosema kitaandikwa. Kichwa cha binti yako kiliungua?"

Marta alikaa chini sakafuni.

"Niliiba mimi."

"Endelea."

"Perpetua alimsuka vizuri tu. Mimi nikaona ni ushamba. Nikamfumua kulekule saluni, nikampaka dawa ya kulainisha, ya watu wazima. Akalia. Nikamwambia vumilia. Nilipoosha, nywele zilitoka na ngozi." Alijifuta kwa kanga. "Nikamficha mjini mpaka kidonda kikakauka. Watu walipouliza, nikasema alisukwa na Perpetua."

"Na pasipoti?"

"Nikinyamaza, mwanangu anakwenda kudungwa bure, aumie mara ya pili. Nikisema, nimejianika. Nikaona bora asiende tu. Nikaifukia kwenye maharage ya mbegu, maana hayaguswi. Ningeirudisha Ijumaa, ndege ikiwa imeshaondoka."

"Neno moja!" Inspekta alipaza sauti, akashindwa kujizuia. "Ulikuwa na neno moja tu la kusema, mama! Miaka ishirini na miwili! Umeona bora uwe mwizi, na bado mwenzako umemwita mchawi mbele yangu leo asubuhi!"



Glory alikuwa amesimama kando ya meza, kichwa wazi. "Mwaka mzima nimekaa hapa nikipima, mama," alisema. "Hapa hapa. Ukinimiminia chai."

Alinyoosha mkono kwa Koplo Jonas. "Naomba kalamu."

Aliinama, akaandika "Ndiyo" kwenye swali la saba, pembeni ya pale palipochanika. Safari ikaishia hapo. Ndipo machozi yalipomtoka, akajifunika uso kwa kilemba.

"Unataka ashitakiwe?" Inspekta alimuuliza, kwa upole sasa.

"Sijui, afande. Leo sijui."

Bibi Efrazia alilisukuma sinia la mboga. Alitoka mpaka ukingoni mwa uwanja, pale migomba inapoishia na bonde kuanza. Aliweka viganja mdomoni.

"Perpetuaaa!"

Akaita tena, sauti ikakatika katikati. Akaita mara ya tatu.

Kutoka ng'ambo ya pili, mwanamke mtu mzima alijibu kama mtoto aliyekuwa akingoja kuitwa.

"Abee, mama!"