Panya wa Shimo la Mzee Horrie

Kila Jumamosi, tukishamaliza kuosha vyombo, mimi na rafiki yangu Fetu tulikuwa tunabeba ndoo zetu kwenda kuchokora vifusi. Huku kwetu Tarrant kila mtu anachimba opali, mawe ya thamani yanayometa rangi nyingi, na udongo ukishamwagwa nje ya shimo ni ruhusa kwa mtoto yeyote kuuchokora. Ukiokota kipande chenye rangi, ni chako. Lakini ndani ya vigingi vinne vya mpaka wa mtu hukanyagi. Anayeshuka shimo la mwenziwe anaitwa panya. Shuleni nako, anayemchongea mwenzake kwa mwalimu tunamwita panya, ila huyo husamehewa kabla ya mapumziko kwisha. Panya wa shimoni hasamehewi.

Basi mimi Danica, miaka kumi na miwili, na akili zangu timamu, nilishuka.

Mzee Horrie, jirani yetu, alikuwa amepelekwa hospitali mjini kutibiwa mguu. Fetu siku hiyo alikuwa na homa, kwa hiyo nilikuwa peke yangu. Nilijidanganya kwamba nachungulia tu. Kule chini tochi yangu ikamulika mstari wa opali, wa kijani na mwekundu, ukutani. Nikachomoa bisibisi mfukoni, nikachokonoa. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikadondoka, na mstari wote uliobaki ukapasuka! Nikapanda ngazi mbio, nikaenda kukificha kile kipande kwenye chupa ya maji chini ya kitanda changu.

Mzee Horrie alirudi Jumanne. Kufika jioni mji mzima ulikuwa unajua.

"Panya kaingia kwangu!" alifoka. "Tena panya asiyejua kazi! Kaharibu mstari mzima!"

Watu wakatafuta wa kumtupia lawama. Bwana Ioane, baba yake Fetu, alikuwa amekuja kutoka Samoa miezi minne tu iliyopita, na basi kuukuu wanamoishi lilikuwa limeegeshwa hatua chache kutoka kwenye shimo lile. Hakuna aliyetaka ushahidi mwingine. Jumatano asubuhi mlango wa basi ulikutwa umeandikwa PANYA kwa rangi nyekundu.

Shuleni ikawa balaa.

"We Fetu, mkia umeuacha wapi leo?" Clancy akauliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Sikucheka, lakini pia sikufungua mdomo. Fetu akanishika mkono.

"Danica, wewe si unajua baba hawezi kufanya hivyo?"

"Najua," nikamjibu. Loo, aibu niliyoisikia!

Jumamosi wachimbaji wakakusanyika mbele ya duka, baba yangu akiwemo. Bwana Spiro, mwenye duka, akamnyooshea Bwana Ioane kidole.

"Ikifika saa sita mchana tusikuone hapa. Na usirudi."

"Nimeshasema sikuingia," Bwana Ioane akasema. "Mnataka niseme kwa lugha gani?"

Fetu alikuwa tayari anafunga magodoro juu ya basi, machozi yanamtoka. Sikuweza kuvumilia tena. Nilikimbia nyumbani, nikarudi na ile chupa.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikapaza sauti: "Ni mimi panya! Bwana Ioane hajafanya kitu!"

Wote wakanigeukia. Baba alivua kofia akatazama chini. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee Horrie alipokea chupa, akaigeuzageuza juani.

"Jiwe nimelipata," akasema. "Lililopasuka ndiyo basi tena. Lakini huyu bwana tumemwita panya siku nne, nawe unatusikia. Hilo utalirudishaje, mwanangu?"

"Sijui, Babu."

"Mimi najua. Shika brashi ukaufute ule mlango. Halafu upite nyumba kwa nyumba, useme kama ulivyosema hapa." Akajikongoja na fimbo yake hadi kwa Bwana Ioane, akampa mkono. "Nasi wazima tuna letu la kuomba. Tusamehe, ndugu yangu."

Niliusugua ule mlango hadi rangi ikatoka, kisha nikapita nyumba kumi na tisa. Wengine walinifungia mlango usoni. Mwisho kabisa nikarudi kwenye basi. Bwana Ioane alikuwa anafungua kamba za magodoro. Nilipoanza kusema, akanizuia.

"Nimeshasikia. Sasa nisikilize, binti. Kuiba jiwe ulikosea mara moja. Kunyamaza ulikosea kila siku. Kosa ukilikiri mapema linakuwa lako peke yako. Ukilificha, anabebeshwa mwingine asiyehusika." Akashusha godoro chini. "Unajua kila jioni mwanangu alikuwa ananiambia nini? 'Baba, angalau Danica anatuamini.' Nenda ukamwambie mwenyewe."

Nilikwenda nikamweleza Fetu yote bila kujitetea. Alinipa mgongo, akaenda kumsaidia baba yake kushusha magodoro.

Jumatatu alikuja akakaa dawati lile lile. Begi lake aliliweka katikati yetu, na likakaa pale mpaka muhula ukaisha.