Yeyote, Kutoka Popote

Sauti ilimjibu kabla hajaita.

"Abee, mama!" ilisema kutoka jikoni, na fundi wa tovuti, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafungua kinywa amwite bintiye Kidosho, akakifunga. Kisha akakumbuka kwamba Kidosho yuko shule. Mtu mwingine angetoka mbio. Yeye aliendelea kuchapa. Tangu wamzike mumewe, mambo yalimfikia kwa mbali, na hata woga ulikuwa haumkolei.

Alikuwa akirekebisha tovuti ya ofisi ya makaburi, iliyojengwa kwa PHP, mojawapo ya lugha za kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa vichwa vya majibu, yale maneno ambayo seva huyatanguliza kabla ya ukurasa. Msomaji hayaoni, lakini ndiyo bawabu anayeamua nani apite. Asubuhi kumbukumbu za marehemu zilikuwa zimegoma kusomeka kwenye tovuti ya pili ya ofisi hiyohiyo. Fundi makini angeiruhusu tovuti hiyo moja kwa jina lake. Yeye, kwa uchovu, aliweka alama ya nyota, ambayo kwa watu wa kazi hiyo maana yake ni yeyote, kutoka popote. Akahifadhi, akaenda zake kunywa chai.

Sasa nyumba ilinuka udongo mbichi. Jua la mchana liliwaka dirishani, na jikoni vyombo viligongana taratibu, kama vinapangwa na mtu asiyejua kabati liko wapi. Fundi akavifungua tena vile vichwa kuvikagua. Chini ya nyota yake palikuwa na mstari ambao hakuuandika: *Asante, nimeingia.*

Akampigia simu shangazi yake, mtoaji wa majini, akamweleza.

"Usiitikie chochote," shangazi alinong'ona, kana kwamba naye anasikilizwa. "Uko na nani hapo?"

"Peke yangu. Na huyo."

"Nakuja. Nimtoe kwanza, ndipo ufunge. Umenisikia, mwanangu? Atoke kwanza."

"Nimesikia, shangazi."

Alisikia, ndiyo. Lakini harufu ilizidi, na nyayo ndogo zikatoka jikoni zikaja mpaka nyuma ya kiti chake zikasimama, na pumzi ya baridi ikamgusa shingo, na sauti ya Kidosho, Kidosho kabisa, ikamnong'oneza kwamba baba anauliza mbona siku hizi mama halii, na ile ganzi ya miezi yote ikamwachia kwa mkupuo mmoja, akaogopa, akamwogopea mtoto aliye njiani kurudi, akafuta nyota na mahali pake akaandika: wa humu tu.

Akahifadhi. Vyombo vikanyamaza, harufu ikakatika. Alilia kidogo, akashangaa kuwa machozi yana joto.

Nje lango likagongwa. Kidosho alikuja akasimama kizingitini, mkoba mgongoni, mlango ukiwa wazi kabisa, akasukuma hewa kwa viganja vyote viwili.

"Mama, siwezi kuingia. Kuna nini?"

Hapo ndipo fundi alipoelewa aliyemfungia nje na aliyemfungia ndani. Akageuka kukimbilia kompyuta afute alichoandika. Kitini pake alikuwa amekaa Kidosho mwingine, sare ileile, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu, anamalizia kubadilisha neno la siri.