Vifuniko vya Babu Fermín

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua sare, babu huwa ameshasimama uani na mpini wa ufagio begani. Mimi humrushia vifuniko vya madumu ya maji, yeye huvipiga. Hapa Nizao, mjini kwetu, sote tumejifunza besiboli hivyo. Kifuniko hupinda hewani vile mrushaji anavyotaka, na anayekiweza kifuniko, mpira haumsumbui.

Babu Fermín si wa mchezo mchezo. Alicheza ligi kuu miaka kumi na miwili, na picha yake imebandikwa mpaka kwa kinyozi. Mwaka huu yeye na wastaafu wenzake waliombwa wacheze mechi ya hisani, ili zahanati yetu ipate chumba cha matibabu ya macho. Babu alifurahi mpaka akawa analala na glavu.

Tatizo nililijua mimi peke yangu. Tangu Januari, nikimrushia kifuniko cha kupinda, babu alikuwa anapiga hewa. Kisha alikuwa anakataa hata kahawa. Niliumia moyo. Basi nikaanza kumrushia taratibu, vilivyonyooka, palepale mpini ulipo. Akavipiga vyote. Bibi Eudosia, mkewe, akipita na sahani ya ndizi za kuponda, alimtania kwamba amerudia ujana bila ruhusa yake. Nami nilicheka pamoja nao, mwongo mkubwa mimi.

Jumapili ya mechi uwanja ulifurika. Mrushaji wa upande wa pili alikuwa Don Wilfrido, mpinzani wa babu tangu ujana wao. Tumbo lilikuwa limemtangulia, lakini mkono ulikuwa bado mkali. Wazee hawa hawahurumiani hata kwenye mechi ya hisani. Ukimrushia mwenzako mpira mwepesi, umemtukana.

Babu akaingia kupiga. Alikuwa amekataa kofia ngumu, akavaa ile ya kitambaa ya timu yake ya zamani. Mpira wa kwanza ulipita karibu na kidevu chake, upana wa kiganja tu. Babu hakutikisika. Watu wakampigia makofi kwa ujasiri wake. Mimi sikupiga, kwa sababu haukuwa ujasiri. Hakuuona ule mpira.

Nikisema, ataaibika mbele ya Nizao nzima. Nisiposema, mpira unaofuata utampata kichwani. Nikaruka uzio.

"Babu, toka," nilimwambia huku nalia. "Vile vifuniko nilikuwa nakurushia vyepesi makusudi. Huoni vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari."

Alishusha gongo lake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Don Wilfrido alikuja kutazama kuna nini, akasikia, akavua kofia yake.

"Fermín, bwana," alisema taratibu, "ningekuua wewe, halafu Eudosia angeniua mimi."

Babu akacheka, japo kwa shida. Akanikabidhi gongo lake, akamwomba mwamuzi nipige badala yake. Nilivaa kofia ngumu. Don Wilfrido hakunihurumia hata kidogo: mipira mitatu, yote nikaikosa, nikatolewa.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Chumba kipya kilipofunguliwa, babu alikuwa wa tatu kwenye foleni ya upasuaji. Daktari alipomruhusu kucheza tena, alinisubiri uani na mpini wake.

"Ulinihurumia, najua," alisema. "Lakini ungeniambia mapema, ningekwenda kwa daktari mapema, na nisingesimama mbele ya Wilfrido kama kipofu. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli wakati bado unaweza kumsaidia. Sawa, mwanangu? Haya, rusha cha kupinda."

Nikarusha. Akapiga hewa. Cha pili, hewa. Cha tatu, hewa. Niliogopa kumtazama usoni.

Babu aliinama, akakiokota kifuniko, akatabasamu mpaka ufizi ukaonekana.

"Nimekiona," akasema. "Kimepinda kushoto. Rusha kingine."